Tuhesabu Vichwa Kabla ya Kulipia Seva



Halmashauri ya tawi letu imepitisha kwamba ofisi ipate seva, yaani kompyuta moja ya kutunza kumbukumbu zote za Chama, ambayo kompyuta nyingine za ofisini zitakuwa zikichukua mambo humo na kuyarudisha. Uamuzi huo nauunga mkono. Lakini katika mazungumzo ya wajumbe wengi nimeona imani moja ambayo itatutia hasara tusipoiondoa mapema. Wanadhani seva hununuliwa kama cherehani: ukishalipa ukaibeba, ni yako, na kila mtu wa nyumbani anaweza kushona.

Seva haiko hivyo, angalau seva zinazoendeshwa na programu ya kampuni ya Microsoft, ambazo ndizo tulizoletewa bei yake. Kila mtu, au kila mashine, inayokwenda kuuliza kitu kwa seva hiyo inatakiwa iwe na leseni yake, mbali na leseni ya seva yenyewe. Kwenye proforma ya muuzaji leseni hiyo huandikwa kwa herufi tatu, CAL. Herufi hizo nataka tuzielewe wote, tangu mjumbe anayekusanya ada mashambani hapa Cyanzarwe hadi Mama mweka hazina, kwa sababu fedha itakayolipa ni ada ya mtu anayebeba magunia ya viazi mgongoni na ya mwenzake anayechanganya saruji.

Wapo wanaouliza kwa nini tusiendelee na madaftari. Jibu lake ni fupi. Mei 2021, baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka, ardhi ilitetemeka siku kadhaa na nyumba nyingi za Rubavu zikapasuka kuta. Usiku wa kuamkia Mei 3, 2023 mto Sebeya ulifurika ukaingia majumbani, na watu walipoteza jamaa zao na kila kilichokuwa ndani, pamoja na karatasi. Mtu aliyepoteza mkataba wake wa kazi na stakabadhi zake za malipo huja ofisini kuuliza kama Chama kina nakala. Tena tangu Januari 2025 mchango wa pensheni umepanda kutoka asilimia 6 ya mshahara hadi asilimia 12, nusu ikitoka kwa mfanyakazi na nusu kwa mwajiri. Wanachama wanataka kujua kama kinachokatwa kinafika kunakohusika, na hatuwezi kuwajibu kwa kupekua madaftari ya miaka kumi. Kuna pia sheria ya nchi ya Oktoba 2021 ya kulinda habari za watu binafsi. Sheria hiyo inataka habari hizo zitunzwe ndani ya Rwanda, ila kwa aliyepewa idhini ya kuzitunza nje. Kwa hiyo si busara kuyatupa majina ya wanachama wetu katika mashine zilizo nchi za mbali ati kwa sababu ni rahisi. Seva ya ofisini ina maana.

Sasa turudi kwenye leseni.

Kila mtu wa Gisenyi anaijua mipaka yetu na Goma. Lori likifika pale lina karatasi zake: ya gari, ya mzigo, ya kodi. Lakini karatasi za lori hazimvushi dereva, wala utingo, wala mama aliyeomba kupanda nyuma na kapu lake la karoti. Kila mmoja anaulizwa yake. Leseni ya seva ni karatasi za lori, nayo CAL ni karatasi ya mtu. Muuzaji akikuuzia ya kwanza bila ya pili, amekuuzia lori ambalo hakuna mwenye haki ya kulipanda.

Karatasi za lori zenyewe zina hesabu yake, nayo nitaipita haraka. Tangu toleo la mwaka 2016 Microsoft wanauza programu ya seva kwa kuhesabu viini vya prosesa, yaani zile sehemu ndani ya mashine zinazofanya kazi ya kufikiri. Kiasi cha chini ni viini 16 kwa seva moja. Ukinunua mashine ndogo yenye viini 8 utalipa vilevile kana kwamba ina 16. Kwa hiyo muuzaji anayesema, "Hii ni ndogo, leseni yake itakuwa nusu," ama hajui au anatujaribu.

Leseni za kuingia ndizo zilizotuchanganya zaidi kikaoni. Ziko za namna mbili. Ya kwanza ni leseni ya mtu, ambayo kwenye proforma huandikwa neno la Kiingereza User. Mtu aliyepewa hiyo anaweza kuingia kwenye seva kwa kompyuta ya ofisini, kwa simu yake, kwa kompyuta ya kubeba, kwa mashine yoyote ile, nayo inahesabiwa moja. Ya pili ni leseni ya mashine, nayo huandikwa Device. Mashine iliyopewa hiyo inaweza kutumiwa na watu wengi wanaopokezana, asubuhi huyu, mchana yule, usiku mwingine, nayo pia inahesabiwa moja. Bei zake kwa kawaida hukaribiana. Hesabu nzima basi ni hii: katika ofisi yako, ni kitu gani kilicho kichache, watu au mashine?

Tufanye hesabu ya ofisi yetu. Tuna kompyuta nne. Watu wanaozitumia ni kumi na mmoja: katibu, mweka hazina, makarani wawili wanaopokezana zamu, na wajumbe saba wa uwanjani wanaofika ofisini siku moja au mbili kwa juma kuandika ada walizokusanya na malalamiko waliyopokea. Tukinunua leseni za watu tutalipia kumi na moja. Tukinunua za mashine tutalipia nne. Proforma tuliyoletewa imeandikwa leseni za watu kumi na moja. Muuzaji hakusema uongo, maana aliuliza, "Mko wangapi?" akajibiwa, "Kumi na mmoja." Hakuuliza kompyuta ni ngapi, wala hakuna aliyemwambia. Leseni saba za ziada, na kila moja ni makumi ya dola, ni ada ya wanachama wangapi kwa mwezi? Mama mweka hazina anaweza kuwaambieni vizuri kuliko mimi.

Hata hivyo msikimbilie kusema nne. Wajumbe vijana wamependekeza kwamba wale saba wawe wakisoma majalada ya wanachama kwa simu zao, wakiwa huko huko mashambani, bila kuja ofisini. Ni jambo zuri, hasa kwa mjumbe anayetembea kwa miguu tangu huku Cyanzarwe. Lakini simu ni mashine. Simu saba zikiingia kwenye seva, mashine zinakuwa kumi na moja, na faida yote imekwisha. Na mjumbe akibadili simu, au akiwa nazo mbili kama ilivyo desturi ya hapa mpakani, moja ya laini ya Rwanda na moja ya Kongo, hesabu inapanda tena. Hapo leseni ya mtu ndiyo inayokuwa nafuu kwa wajumbe, na leseni ya mashine inabaki nafuu kwa makarani. Inaruhusiwa kuchanganya namna zote mbili katika ofisi moja, sharti iandikwe wazi nani ana ipi.

Kwa hiyo swali la simu si la fundi. Ni la Halmashauri, na liamuliwe kabla ya kununua. Maoni yangu ni kwamba kwa mwaka huu wa kwanza simu zisiingie. Mjumbe aje na daftari lake, aandike ofisini, aondoke. Tutajifunza kwanza jinsi ya kuitunza seva yenyewe. Simu iliyoibwa sokoni ikiwa imefunguliwa majalada ya wanachama ni balaa jingine, kubwa kuliko leseni.

Kuna mambo madogo ya leseni hizi ambayo muuzaji hatayataja mpaka aulizwe. Karani akienda likizo ya uzazi, leseni yake ya mtu inaweza kutumiwa na anayemshikia nafasi mpaka arudi. Kompyuta ikiharibika, leseni yake inaweza kuhamia kwenye ile ya kuazima. Lakini kuhamisha leseni moja kwa moja kutoka mtu hadi mtu hakuruhusiwi kila wiki, maana ni lazima zipite siku 90 tangu ilipogawiwa mara ya mwisho. Msifikiri basi kununua leseni tatu na kuzizungusha kati ya watu kumi na mmoja kama baiskeli ya tawi.

Jingine ni umri wa toleo. Leseni ya kuingia ya toleo jipya inafaa kwa seva ya zamani, ila ya zamani haifai kwa seva mpya. Nalisema kwa sababu kuna mtu ametutajia mashine iliyotumika, kutoka ng'ambo, "pamoja na leseni zake zote." Leseni zake ni za toleo la 2012. Toleo hilo lilikoma kupewa matengenezo ya kawaida ya usalama Oktoba 10, 2023, yaani tundu likionekana leo halizibwi tena bila malipo ya ziada. Na siku tutakapoweka toleo jipya juu ya mashine hiyo, leseni zile hazitatufaa kitu, tutaanza kununua upya. Mashine ya bure ya namna hiyo ni ya kuikubali kwa macho mawili.

Na wengine watatuuliza kama tunataka wajumbe wafanye kazi ndani ya seva yenyewe kutoka mbali, yaani kioo cha seva kionekane kwenye kompyuta iliyo Cyanzarwe au Bugeshi. Kazi hiyo ina leseni nyingine tena, ya pili, juu ya ile ya kwanza. Huanza kwa muda wa kujaribu wa siku 120, kila kitu kinakwenda vizuri, kila mtu anafurahi, halafu siku zikiisha seva inawafungia mlango. Nimesikia ofisi zaidi ya moja zilizodhani seva imekufa, kumbe siku zimekwisha. Programu kubwa za kutunza hesabu nazo huwa na leseni zake za vichwa, mbali na hizi. Muuzaji wa programu ya hesabu aulizwe swali hilo hilo.

Sasa nakuja kwenye jambo linalowapoteza watu wengi. Ile leseni ya kawaida ya kuingia, seva yenyewe haiihesabu. Zamani kulikuwa na seva za kampuni ya Novell zilizouzwa kwa idadi ya watu, na mtu wa ziada akigonga alikataliwa. Seva ya Microsoft haikatai. Unaweza kuwa na leseni tano na watu hamsini wakaingia, wala hakuna kengele itakayolia. Leseni ni karatasi, na anayehesabu ni mwenye ofisi. Ndiyo maana fundi anaweza kuja, akaunganisha, akakunywesha chai ya kumpongeza, akasema, "Si unaona inafanya kazi?" Kufanya kazi kwa mashine si ushahidi wa kitu chochote. Mikataba ya kununua leseni kwa jumla huwapa wenye programu haki ya kuja kukagua, na sheria ya Rwanda ya haki miliki, ile ya mwaka 2009 na iliyoifuata mwaka 2024, inazilinda programu za kompyuta kama inavyovilinda vitabu.

Siku ya ukaguzi nani ataulizwa? Hapa nasema kama mtu wa Chama ambaye nimeketi katika mabishano mengi ya kazi. Mwenye ofisi atasema, "Mimi sijui kompyuta, muulizeni fundi." Fundi atasema alifanya alivyoagizwa, lakini agizo lilikuwa la mdomo. Mwisho wa yote lawama inamwangukia mwenye mshahara mdogo kuliko wote katika chumba hicho. Kwa hiyo nawaambia wanachama wote wanaofanya kazi za ufundi wa kompyuta, ukarani na stoo: ukiagizwa kuongeza mtu au mashine kwenye seva ambayo unajua leseni zake zimekwisha, andika. Karatasi moja yenye tarehe, "Leo nimemweleza mkuu wangu kwamba leseni ni tano na watu wamekuwa tisa," nakala moja kwake na moja kwako. Haikuzuii kufanya kazi, inakulinda.

Kuna desturi nyingine iliyo mbaya zaidi, nayo imezaliwa na kutoelewa leseni hizi. Katika duka moja la jumla, jina lake naliacha, makarani wanne walikuwa wakipokezana kwenye kaunta mbili. Wote wanne walipewa jina moja la kuingilia na neno moja la siri. Mwajiri alikuwa ameambiwa kwamba jina moja ni leseni moja, kwa hiyo akaona ameokoa fedha. Siku moja hesabu ya mafuta ya kupikia haikulingana na stoo. Seva ilipoulizwa ni nani aliyeandika ile mauzo, ilijibu jina lile moja la wote. Karani aliyekuwa zamu ya mchana, mama mwenye watoto watatu, ndiye aliyeachishwa kazi, kwa kuwa alikuwa wa mwisho kufunga.

Tulikwenda kumtetea. Swali letu lilikuwa moja tu: mnajuaje kuwa ni yeye? Hawakuwa na jibu, na barua ya kumwachisha ikafutwa. Lakini ilichukua majuma sita, na mshahara wa majuma sita mtu wa kipato chake haupati tena kwa kuombwa radhi.

Kinachonikera katika habari hiyo ni kwamba mwajiri yule hakuokoa hata franga moja. Leseni haihesabu majina yaliyoandikwa kwenye seva, inahesabu watu wa kweli au mashine za kweli. Watu wanne wakitumia jina moja bado ni watu wanne. Vilevile ukiweka mashine moja katikati iwakusanyie wengine ishirini, ili seva ione mashine moja, bado ni ishirini, na sharti hilo limeandikwa waziwazi katika masharti ya kampuni. Kwa upande mwingine, duka lile lilikuwa na kaunta mbili, yaani mashine mbili. Leseni mbili za mashine zingetosha kwa makarani wote wanne kwa halali kabisa, na kila mmoja angekuwa na jina lake na neno lake la siri bila kuongeza gharama yoyote. Mama yule angeweza kuonyesha siku ile ile aliingia saa ngapi na kutoka saa ngapi.

Kwa hiyo mwajiri akiwaambia wafanyakazi wa zamu, "Mtatumia jina moja kwa sababu leseni ni ghali," msikubali maneno hayo. Leseni ya mashine ndiyo inayowafaa watu wa zamu: walinzi, makarani wa kaunta, wauguzi wa usiku na mchana, wapima mizigo. Ni haki ya kila mmoja wao kazi yake iandikwe kwa jina lake.

Nirudi kwenye seva yetu. Je, ni lazima tuingie katika hesabu hizi zote? Kwa ofisi ndogo ziko njia mbili za kuzikwepa kwa halali.

Njia ya kwanza ni toleo dogo la Microsoft wenyewe, linaloitwa Essentials, ambalo halidai leseni za kuingia mpaka watu 25 na mashine 50. Huuzwa pamoja na mashine mpya, nayo mashine iwe ya kiasi, yenye prosesa moja. Sisi kumi na mmoja tungeenea humo, hata simu za wajumbe zingeenea. Ajabu ni kwamba proforma tuliyoletewa haikulitaja. Tukilizidi idadi yake siku moja, itabidi tupande kwenye toleo la kawaida na kununua kila kitu, lakini siku hiyo tutakuwa tumekua na ada itakuwa imekua.

Njia ya pili ni seva inayoendeshwa na Linux, programu iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, kijana wa Finland, na ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia bila kulipia vichwa. Juu yake huwekwa programu inayoitwa Samba, iliyoanzishwa mwaka 1992 na Andrew Tridgell huko Australia. Samba inaifanya seva izungumze na kompyuta za kawaida za Windows kwa lugha wanayoielewa, hata karani haoni tofauti. Kompyuta zetu nne zinabaki na Windows yake kama zilivyo, majalada yanakaa kwenye seva ya Linux, na leseni za kuingia ni sifuri.

Lugha hiyo ya seva na kompyuta iligombaniwa sana. Mwezi wa Machi 2004 Tume ya Ulaya iliitoza Microsoft faini ya Euro milioni 497, na kuiamuru itoe habari zitakazowezesha seva za watu wengine kuzungumza vizuri na kompyuta za Windows. Kampuni ilikata rufaa, na Septemba 2007 ikashindwa. Desemba ya mwaka huo watu wa Samba walipata karatasi zile kwa malipo ya mara moja ya Euro 10,000. Tangu toleo lao la nne la mwaka 2012 Samba inaweza hata kusimamia majina na maneno ya siri ya ofisi nzima. Nayasema haya ili mtu asije akatuambia kwamba ni kitu cha kubahatisha cha vijana wa mitaani. Hata katika lugha yetu kazi ya namna hii imefanywa: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004 kilitoa programu ya ofisi ya Kiswahili, Jambo OpenOffice, bila kudai leseni ya vichwa.

Wapo wajumbe wanaosema cha bure ni ghali, na wana hoja. Linux haidai leseni, lakini inadai mtu anayeijua. Atakayeiweka lazima alipwe, na lazima apatikane siku inapokwama, si baada ya juma zima. Tena kama programu ya hesabu ya mweka hazina haikai ila kwenye seva ya Windows, basi hoja imekwisha, tutachukua Essentials. Jambo hilo lazima liulizwe kwanza. Lakini kama hakuna kizuizi hicho, mimi napendelea Samba, na sababu yangu ni ya mtu wa Chama. Fedha ya leseni kumi na moja ikitoka hapa hairudi. Fedha hiyo hiyo ikilipa siku za kazi za fundi kijana wa Rubavu, aliyesoma na hana kazi ya kudumu, inabaki hapa, na yeye mwenyewe huenda akawa mwanachama. Sharti langu ni awafundishe makarani wetu wawili kazi ya kila siku, na kuandika kwa Kiswahili au Kinyarwanda jinsi seva ilivyopangwa, ili tusiwe watumwa wa kichwa cha mtu mmoja.

Kuna njia ya tatu ambayo wengine huinong'ona, ile ya kununua namba za leseni kwa bei ya kutupa kutoka kwa watu wasiojulikana kwenye intaneti, au kupachika nakala ya wizi. Hiyo naikataa kabisa. Chama kinachokwenda kwa mwajiri kudai afuate sheria ya kazi ya mwaka 2018 kitasimamaje mbele yake ikiwa ofisini kwake kumefichwa leseni za kuiba? Mwajiri wa kwanza atakayejua atatutajia hilo katikati ya mazungumzo ya mishahara.

Mimi nilisoma shule ya msingi tu, na mambo haya nilielezwa na fundi mmoja mvumilivu kwa siku mbili, akichora juu ya gunia la saruji. Nimeona yanaeleweka. Kinachotisha ni Kiingereza cha kwenye proforma, na Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya nchi hii tangu 2017, kwa hiyo tuna haki ya kumtaka muuzaji atueleze kwa lugha tunayoijua kila mstari ni wa nini. Aseme leseni ya seva ni ya viini vingapi na toleo gani. Aseme CAL ni ngapi na za namna gani. Aseme kama kazi ya kutoka mbali imo au haimo, na ukaguzi ukija tutaonyesha karatasi ipi. Akikasirika kwa maswali, muuzaji mwingine yupo.

Halmashauri itakaa mwisho wa mwezi. Kabla ya siku hiyo naomba kila mjumbe alete karatasi yenye safu mbili. Safu moja iwe na majina ya watu wote wanaogusa kompyuta za Chama, hata anayezigusa mara moja kwa mwezi. Safu nyingine iwe na mashine zote, pamoja na ile kompyuta ya kubeba iliyoazimwa na kamati ya akina mama. Simu ziandikwe chini, peke yake. Na wanaofanya kazi za zamu madukani, kwenye maghala na hospitalini waongeze mstari mmoja: je, kila mtu ana jina lake la kuingilia, au mnatumia moja?